Mafuta ya damu: tusome kipimo, si namba peke yake



Siku hizi tunapimwa damu mahali pengi: leo Goma, kesho Kampala kwa ndugu. Labo zingine, kwa mazoea ya Kifaransa, huandika mafuta ya damu kwa g/L. Kwingine utakuta mg/dL ao mmol/L. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Tuchukue mama aliyepimwa Goma: kolesteroli 2,40 g/L. Akameza dawa, akapunguza mafuta ya mawese. Miezi ikapita, akapimwa Kampala: 5,0 mmol/L. Akiangalia namba tu, atasema ugonjwa umezidi mara mbili. Ataacha dawa kwa kukata tamaa, ao ataongeza mwenyewe. Kumbe 5,0 hiyo ni 1,93 g/L: imeshuka!

Sababu ni hii: g/L inapima uzito wa mafuta katika lita moja ya damu, lakini mmol/L inahesabu chembe zake. Ni kama kupima kilo ya maharagwe, ao kuhesabu punje. Kilo ya punje ndogo ina punje nyingi kuliko kilo ya punje kubwa. Chembe ya kolesteroli ni nyepesi kuliko ya trigliseridi, kwa hiyo kila moja ina hesabu yake:

– Kutoka g/L kwenda mg/dL: zidisha kwa 100, kwa mafuta yote.
– Kolesteroli, pamoja na HDL na LDL: g/L zidisha kwa 2,59, unapata mmol/L.
– Trigliseridi: g/L zidisha kwa 1,13, unapata mmol/L.

Ukitaka kurudi nyuma, gawanya. Simu ndogo inatosha.

Kwa mtu mzima, labo nyingi huweka mpaka wa kolesteroli yote kwenye 2 g/L, yaani 200 mg/dL ao 5,2 mmol/L. Trigliseridi ni 1,50 g/L, yaani 150 mg/dL ao 1,7 mmol/L. Mwenye sukari ao ugonjwa wa moyo, munganga anaweza kumwekea mpaka wa chini zaidi.

Katika kikundi, kila mama alete karatasi zake, tuzungushie kipimo alama ya kalamu. Karatasi za zamani tusizitupe. Tuzipeleke zote kituo cha afya. Na dawa tusiibadilishe kabla munganga hajaziona.