Ubao wa mifereji: jinsi bidhaa zilivyohamia ukutani

Ubao wa mifereji ni ubao mpana unaofunika ukuta wa duka, ambao uso wake umechongwa mifereji ya mlalo ili kulabu, mikono ya chuma na rafu ndogo zipachikwe humo bila msumari. Ni chombo cha kawaida katika maduka ya viatu, nguo na vifaa vya simu. Lakini kuwapo kwake kunatokana na mabadiliko makubwa katika uhusiano wa muuzaji na mnunuzi.

Kwa muda mrefu bidhaa zilikaa nyuma ya meza ya muuzaji. Mnunuzi alitaja akitakacho, muuzaji akakileta, kisha wakapatana bei. Mjini Paris, Aristide Boucicaut, aliyeingia katika ubia wa duka la Le Bon Marché mwaka 1852, alieneza desturi ya bei isiyobadilika na ya kumruhusu mtu aingie kutazama bila kulazimika kununua. Hatua nyingine ilipigwa Memphis, nchini Marekani. Tarehe 6 Septemba 1916 Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly, ambamo mnunuzi alitwaa kikapu, akapita kati ya rafu, akajichukulia mwenyewe na kulipa alipokuwa akitoka. Tangu hapo bidhaa ilipaswa kujieleza yenyewe, na kila sehemu ya ukuta ikawa na thamani.

Mabadiliko hayo yalihitaji mbao za kufaa. Mwaka 1924, huko Laurel, Mississippi, William H. Mason alivumbua ubao mgumu uliotengenezwa kwa nyuzi za miti zilizoshindiliwa, ujulikanao kwa jina la Masonite. Ubao wa namna hiyo ulipotobolewa matundu kwa safu, uliweza kushika kulabu nyepesi. Katika miaka ya 1960 viwanda vya Marekani vilianza kuuza ubao mnene zaidi, wa nyuzi zilizounganishwa kwa gundi. Kwa kuwa ulikuwa mnene na laini kuchongwa, uliwezekana kukatwa mfereji bila kupasuka.

Ubao wa kawaida una urefu wa mita 2.44, upana wa mita 1.22 na unene wa milimita 18 hivi. Mfereji ni mwembamba mdomoni na mpana ndani. Ulimi wa kulabu huingia juu, na mgongo wake huegemea uso wa ubao chini ya mfereji. Hivyo uzito wa bidhaa wenyewe ndio unaoikaza kulabu, na muuzaji huweza kuihamisha popote kwa mkono mmoja.

Hata hivyo, chombo hiki kina mipaka mitatu. Kwanza, mzigo uleule ukisogezwa mbali na ukuta mara mbili, nguvu inayobandua mdomo wa mfereji huongezeka mara mbili. Ndiyo maana penye mizigo mizito mfereji hutiwa utepe wa alumini. Pili, ubao wa nyuzi hunyonya maji na kuvimba, kwa hiyo haufai penye unyevu. Tatu, kinachofikiwa na mkono wa mnunuzi hufikiwa pia na mkono wa mwizi. Bidhaa ya thamani hurudishwa kabatini chini ya kufuli, na pengine hutundikwa kasha tupu tu.

Kwa upande wa lugha, Kiswahili hakikosi maneno ya kukieleza chombo hiki. Kulabu na rafu ni maneno ya asili ya Kiarabu yaliyokwisha kuwa ya Kiswahili. Hata magazini, neno ambalo Kiswahili cha Kongo kililipokea kutoka Kifaransa, lina asili yake katika neno la Kiarabu lenye maana ya ghala. Safari ya neno hilo yafanana na safari ya bidhaa: kutoka ghalani, palipofichwa mali, hadi ukutani, inapoonekana na wote. Anayeuza hana tena kazi ya kuisifu bidhaa kwa maneno. Lakini mapatano ya bei, yaliyokuwa mazungumzo kati ya watu wawili, yamenyamaza pia.