Buluu ya Kwetu kwenye Kioo cha Kompyuta

Mama mpendwa, siku hizi kompyuta imeingia katika nyumba nyingi na katika ofisi za makanisa yetu. Mtoto huifanyia kazi za shule, baba huandikia barua, nawe huweka humo hesabu za kikundi. Kila inapowashwa, macho hukutana kwanza na picha iliyo kiooni. Je, picha hiyo aliichagua nani?

Wengi wanakikumbuka kilima cha kijani chini ya anga ya buluu kilichokuja na Windows XP mwaka 2001. Charles O'Rear alikipiga picha mwaka 1996 huko California, Marekani, akiwa njiani kumtembelea mchumba wake Daphne, ambaye baadaye alimwoa. Hakutumwa na mtu. Aliona uzuri, akasimama. Hivyo kilima cha kando ya barabara kikatazamwa na mamilioni ya watu.

Basi mama wa Kilimatinde amekosa nini? Mji wake umekaa kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, na chini yake zimetandazwa tambarare za Bahi. Milima ya mbali huonekana ya buluu kwa sababu hewa hutawanya mwanga wa buluu kuliko ule mwekundu. Mtoto akizoea kuona uzuri wa nchi za mbali tu, atadhani kwao hakuna.

Jioni moja ketini pamoja, kila mmoja ataje buluu aipendayo. Andikeni mawazo yote bila kumcheka mtu, kuchagua kutafuata. Haya yawe mwanzo:

• Bonde wakati wa alfajiri, likitazamwa kutoka ukingoni.
• Anga ya kiangazi juu ya mbuyu usio na majani.
• Kanga ya mama ya buluu, iliyoanikwa juani na kupigwa picha kwa karibu.
• Ndoo ya maji kisimani. Hata katika bendera yetu ya Taifa buluu ni maji, na katika nchi kavu kama hii maji ni uhai.

Usiseme, "Mimi kompyuta siijui." Rangi unazijua tangu ulipochagua kitenge chako cha kwanza. Picha isijae vitu vingi. Upande mmoja uwe mtupu, majina ya mafaili yakae hapo. Buluu iliyoiva huonyesha vizuri maandishi meupe, lakini buluu hafifu huyameza, na bibi mwenye macho dhaifu atapata taabu kusoma.

Katika Hesabu 15 Mungu aliwaagiza Waisraeli watie uzi wa samawi katika vishada vya nguo zao, ili wakiutazama wayakumbuke maagizo yake. Aliujua udhaifu wetu: moyo hufuata kile ambacho macho hukitazama kila siku. Kwa hiyo, mama, usiwaachie wengine kazi ya kuchagua kile ambacho nyumba yako itakitazama.