Tezi Hupimwa kwa Ini

Mgonjwa wa limfoma, yaani saratani ya mfumo wa limfu na tezi zake, aliyemaliza dawa, kabla hajapigwa picha ya PET-CT, hufunga kula kwa saa sita hivi. Kisha huchomwa sindano ya sukari yenye mionzi, na kwa muda wa saa nzima hulazwa kimya: asipige soga, asitafune kitu, ajifunike vizuri apate joto. Kila agizo lina sababu. Msuli unaofanya kazi hula sukari. Na mwili ukipata baridi, mafuta fulani ya shingoni na mabegani huichoma, picha ikang'aa pasipo na saratani.

Lililoninasa zaidi ni ini. Tangu wataalamu walipokutana Deauville, Ufaransa, mwaka 2009, uvimbe uliobaki husomwa kwa alama 1 hadi 5, ukilinganishwa na ini la mgonjwa mwenyewe. Usipolishinda ini kwa kung'aa, kwa kawaida hiyo ni habari njema. Ukilishinda kiasi, ni alama 4. Ukilishinda sana, au pakizuka doa jipya, ni 5. Kila mtu na ini lake.

Sasa ajabu yenyewe. Bruce Cheson, daktari wa Marekani aliyeongoza kuandika miongozo ya limfoma ya mwaka 1999, 2007 na 2014, alisaidia kuipa picha hii heshima yake. Mwongozo huohuo wa 2014 unataka aliyepona, asiye na dalili, asipelekwe mashineni kwa mazoea. Kengele za uongo za PET zinapita asilimia 20, na kila moja huweza kumletea mtu mwenye afya hofu, gharama na kisu cha kuchukua kinyama. Badala yake daktari amhoji, ampapase tezi na kumpima damu: kila miezi 3 kwa miaka 2, kila miezi 6 kwa miaka 3, halafu kila mwaka.

Nakubaliana naye. Lakini vidole vya nani vitampapasa mtu wa Marsabit aliyetibiwa Nairobi? Mhudumu wa zahanati ya kwao ameelezwa atafute nini? Na nauli ya kila miezi 3 itatoka wapi?

Wewe uliyemaliza matibabu, ukilowesha shuka kwa jasho usiku, ukakonda bila sababu, au ukagusa uvimbe shingoni, kwapani au kinenani, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda.