Kuchanganyika si Kugeuka



Mgeni afikaye Marafa hupelekwa kulitazama korongo la Nyari. Wazee husimulia kwamba hapo waliishi matajiri waliooga maziwa, nao wakadidimizwa ardhini. Kisa hicho kina mawaidha yake. Leo tuyatazame mawe yenyewe, kwani nayo yana somo la kutufaa majumbani.

Mawe yale ni mchanga na udongo ulioshikana. Mvua ikinyesha na upepo ukivuma, chembe huachana, mchanga ukabaki mchanga. Huo ni mchanganyiko: vitu hukaa pamoja bila kupoteza asili yao. Ile rangi nyekundu ni jambo jingine. Ni madini ya chuma yaliyoungana na oksijeni ya hewani, mfano wa kutu ya jembe. Kutu huwezi kuiosha ikarudi kuwa chuma. Hapo kitu kimegeuka.

Ukiteremka hadi Gongoni utayaona mashamba ya chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ipatayo gramu 35, wala jicho halioni hata chembe. Imeyeyuka, lakini haikugeuka: jua likiyakausha maji, chumvi hubaki. Huo huitwa mmumunyo.

Tuliosoma chuoni tulifunzwa tofauti hii katika mlango wa tohara, kwa jina la istihala. Tembo la mnazi likigeuka lenyewe likawa siki, wanazuoni wa Kishafii huihukumu siki hiyo kuwa tohara, kwani kileo kimekuwa asidi, si kitu kile tena. Ama tembo lililotiwa sharubati ni tembo lile lile: limechanganyika, halikugeuka.

Kutoijua tofauti hii kwaweza kugharimu roho. Wako wanaodhani kwamba dawa mbili za usafi zikitiwa katika ndoo moja, nguvu huongezeka. Blichi, yaani dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ikikutana na asidi ya kusafishia choo, au hata na siki, haichanganyiki tu. Hugeuka, ikatoa gesi ya klorini. Ndiyo gesi waliyorushiwa askari huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Huunguza macho na mapafu, na katika choo kisicho na dirisha yaweza kuua.

Basi tumieni dawa moja, na msuuze kwa maji mengi kabla ya kutumia nyingine. Ukisikia harufu kali inayobana kifua, toka upesi pamoja na watoto, acha mlango wazi, usirudi kuimwaga ndoo, na mwenye kukohoa apelekwe hospitali. Akina baba tusome maandishi ya chupa kabla ya kununua. Akina mama wawafunze mabinti na wasaidizi wa nyumbani. Dawa hizo zisiwekwe katika chupa za soda, mtoto asije akazinywa.

Wallahu a'lam.