Siku Moja Gitega: Somo la Kiswahili Nje ya Darasa

Walimu wa Kiswahili nchini Burundi wanapotaka kuwatoa wanafunzi nje ya darasa, mara nyingi huwapeleka Buyenzi, mtaa wa Bujumbura unaojulikana kwa wazungumzaji wake wa Kiswahili. Ziara hizo zina manufaa, lakini huweza kumwacha mwanafunzi akiamini kwamba Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya "Waswahili", neno ambalo kwetu bado hubeba dharau ya ujanja na uongo. Makala haya yanapendekeza safari nyingine, ya kwenda Gitega, ambako mwanafunzi ataona kwamba Kiswahili na lugha ya mama yake ni ndugu.

Gitega iko kilomita zipatazo 100 mashariki ya Bujumbura. Barabara hupanda milima hadi Bugarama, kisha hupitia Muramvya. Wajerumani waliufanya mji huu makao ya utawala wao mwaka 1912, na tangu mwaka 2019 ndio mji mkuu wa kisiasa, Bujumbura ikibaki mji mkuu wa kiuchumi. Pamoja na hadhi hiyo, Gitega ni mji mtulivu ambao wasafiri wengi huupita tu. Kundi likiondoka alfajiri, litaweza kuona mambo mawili na kurudi jioni.

La kwanza ni Makumbusho ya Taifa, yaliyoanzishwa mwaka 1955. Si makubwa, lakini yamehifadhi vyombo vya nyumbani na vitu vya enzi ya ufalme. Kila mwanafunzi achague kifaa kimoja na kukieleza kwa Kiswahili. Icumu ni rahisi: ni mkuki. Lakini igiseke je? Si tenga, wala si pakacha, na kusema "kikapu" hakutoshi. Itambidi aeleze umbo lake, kifuniko chake na matumizi yake. Hapo ndipo msamiati unapokua.

La pili ni Gishora, kilomita chache kutoka mjini, makao ya ngoma za kifalme yanayohusishwa na Mwami Mwezi Gisabo. Ngoma hupangwa nusu duara kuizunguka ngoma ya katikati, inkiranya, ambayo huongoza mapigo. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka sanaa hii katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Ni vyema kuomba nafasi mapema.

Miongoni mwa ngoma takatifu za Gishora kuna iitwayo Murimirwa, yaani "anayelimiwa". Mwalimu aandike ubaoni:

kurima – kurimira – kurimirwa
kulima – kulimia – kulimiwa

Mwanafunzi aliyehangaika na kauli ya kutendea na ya kutendwa atagundua kwamba amekuwa akizitumia tangu utotoni. Kinachobadilika ni sauti chache tu.

Hata hivyo undugu una mitego yake. Kwa Kirundi, ingoma ni chombo kinachopigwa na pia ni ufalme. Kwa Kiswahili, ngoma ni chombo, mchezo na hata sherehe yenyewe, lakini utawala wa mfalme huitwa enzi. Anayetafsiri "ku ngoma ya Mwezi" neno kwa neno, akasema "kwenye ngoma ya Mwezi", atamfanya msikilizaji wa Mombasa adhani kulikuwa na dansi.

Baada ya safari, wanafunzi waandike ripoti ya ukurasa mmoja, wakiorodhesha maneno matano yanayofanana katika lugha hizi mbili na mawili yanayopotosha. Ripoti zisomwe darasani na kusahihishwa kwa pamoja. Mwanafunzi aliyeona Kiswahili ndani ya jina la ngoma ya wafalme wake hataona haya tena kukizungumza.