Je, Wajua? Nyasi za Kupamba Uwanja wa Changarawe

Njombe mvua zikianza Novemba, tope hufika hadi mlangoni, na wengi humwaga changarawe mbele ya nyumba. Changarawe tupu haina mvuto. Nyasi chache zilizochaguliwa vizuri huibadilisha, na Uwemba, huku huku Njombe, ina faida zake katika jambo hili.

Je, wajua kwamba samadi nyingi huziharibu? Nyasi za mapambo zikilishwa sana hurefuka, hulegea na kulala mvua ya kwanza ikipiga. Ardhi ya kawaida yatosha. Juu yake tandaza changarawe kiasi cha sentimita 5 hadi 7: shina litakaa pakavu, unyevu utabaki chini na magugu yatapungua. Mwaka 1991 Beth Chatto, mtunza bustani wa Essex, Uingereza, alianza kugeuza eneo la kuegesha magari kuwa bustani ya changarawe isiyomwagiliwa, ingawa huko mvua ni kama milimita 500 tu kwa mwaka. Njombe hupata zaidi ya 1,000, ila karibu zote huisha Mei. Mtihani wa nyasi zako ni Juni hadi Oktoba.

Je, wajua kwamba mwinuko huchagua nyasi kabla yako? Watafiti wa mimea nchini Kenya waligundua kwamba chini ya mita 2,000 hutawala nyasi zinazopenda joto, na juu ya mita 3,000 zile zinazostahimili baridi. Uwemba iko karibu na mpaka wa kwanza. Ndiyo maana mchaichai unaostawi bondeni kwenye joto huweza kuungua majani huku, umande unapoganda alfajiri za Juni na Julai.

Je, wajua kwamba kuna mbegu inayojichimbia? Themeda triandra, nyasi ya mbugani yenye masuke mekundu-kahawia, hubeba mbegu yenye unywele mweusi uliojisokota. Weka moja kiganjani, uidondoshee tone la maji: unywele utaanza kuzunguka wenyewe. Ardhini mzunguko huo huisukuma mbegu udongoni. Nyasi hii hukaa kwenye kishina chake bila kutambaa, kwa hiyo inafaa sana kwenye changarawe.

Je, wajua kwamba nyasi ya kikuyu si ya kupandwa kwenye changarawe? Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na baridi yetu haiitishi. Kwa ng'ombe ni chakula kizuri. Kwenye changarawe hupita chini kwa chini, ikachomoza katikati ya mawe, na kipande kidogo kilichobaki huchipua upya.

Je, wajua kwamba pambo la mtu mmoja ni gugu la mwingine? Pennisetum setaceum, yenye masuke laini ya waridi, ni ya Afrika na Mashariki ya Kati. Ilipelekwa Hawaii kama pambo, ikatoroka bustanini, na sasa majani yake makavu huchochea moto wa porini. Umoja wa Ulaya uliiweka katika orodha ya mimea vamizi mwaka 2017. Kabla ya kununua mche, uliza kama mbegu zake husambaa.

Je, wajua kwamba mwanzi wa ulanzi, ile pombe ya utomvu, nao ni nyasi? Uko katika ukoo mmoja na mahindi na ngano. Wagema hukata ncha ya chipukizi na kukinga utomvu kwenye mbeta (chombo cha mwanzi), na ule mtamu usiochachuka huitwa mtogwa. Kishada kimoja pembeni mwa uwanja huzuia upepo, mradi kiwe mbali na msingi wa nyumba.

Je, wajua wakati wa kukata? Acha majani makavu yasimame kipindi chote cha baridi, maana hukinga kitovu cha shina. Oktoba, kabla ya mvua, kata ubakize sentimita 10 hadi 15. Nyasi hukua kutokea chini, si nchani, hivyo panga haliidhuru.