Stailo, malisho yanayojipanda yenyewe

Kiangazi kikifika katikati, vilima vinavyozunguka Kakanda, huku Katanga nchini Kongo, huwa vyeusi. Moto umepita, nyasi zimekwisha, mbuzi wanahangaika kando ya barabara. Hapa hata mtoto anajua shaba na kobalti, lakini mmea unaoweza kuwavusha mifugo hadi mvua za Novemba wanaujua wachache. Ni Stylosanthes, kwa kifupi stailo, wa jamii ya kunde, asili yake Amerika ya Kusini na ya Kati. Hustawi pale mahindi yanapodumaa: kwenye udongo wenye asidi, alumini nyingi na fosforasi kidogo, kama sehemu kubwa ya udongo mwekundu wa Katanga. Protini ya nyasi ikishuka chini ya asilimia 7, ng'ombe hukonda hata kama majani makavu yamejaa. Stailo ya kijani mara nyingi huwa na protini mara mbili ya hiyo.

Inaniudhi kusikia malisho ya kudumu yakidhaniwa kuwa shina lisilokufa. Shina la stailo huchoka baada ya miaka michache, na upesi zaidi likifyekwa karibu na ardhi. Kinachodumu ni mbegu. Gamba lake gumu halipitishi maji, na mbegu za msimu mmoja haziamki pamoja. Joto la kiangazi hulegeza magamba ya baadhi, nazo huota mvua ikianza. Nyingine hulala hadi mwaka unaofuata, au zaidi. Mvua ikidanganya, ikanyesha wiki moja kisha ikakatika, miche ya kwanza hufa, lakini chini bado kuna akiba. Mbegu nyingine humezwa na ng'ombe, hutoka nzima kwenye mavi na kuota mbali. Kwa hiyo mtaalamu anayezalisha aina mpya hapimi wingi wa majani tu. Hutazama pia kama mmea unaangusha mbegu za kutosha huku ng'ombe wakiendelea kuula, na magamba yana ugumu kiasi gani.

Adui mkubwa ni chule, ugonjwa wa kuvu, ndugu wa ule unaotia madoa maganda ya maharage. Miaka ya 1970 uliangamiza stailo ya Townsville iliyokuwa imeenea kaskazini mwa Australia. Zikaja aina za Verano na Seca, zenye ukinzani, lakini kuvu nayo hubadilika. Ndipo watafiti wakaanza kuchanganya: Siran ya Australia ni mseto wa mistari mitatu, na Campo Grande, iliyotolewa na Embrapa, shirika la utafiti wa kilimo la Brazili, mwaka 2000, ni mseto wa spishi mbili. Mmoja ukishindwa, mwenzake husimama. Kugawia wafugaji mbegu ya mstari mmoja tu ni kuwatafutia hasara.

Kituo cha Kipopo cha INERA, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kongo, karibu na Lubumbashi, ndipo ningependa kuona miseto hiyo ikijaribiwa, kwa sehemu ya fedha ya madini. Ardhi iliyotoa shaba miaka mingi inastahili kulipwa. Moto wa Agosti nao ukomeshwe, maana huua mashina ambayo yangeendelea kuzaa mbegu. Wala stailo isipandwe kwenye mabaki ya mgodi kwa ajili ya kulisha: vumbi la shaba hukaa kwenye majani, na kondoo hudhurika kwa shaba haraka kuliko ng'ombe.

Stailo ina manufaa mengine pia: sungura na nguruwe huila, unga wa majani huchanganywa kwenye chakula cha kuku, hufunika udongo chini ya michungwa, huzuia mmomonyoko, na huacha nitrojeni kwa mahindi yatakayofuata.